Rimoti Iko kwa Nani?

Kila kizazi cha wazazi nchini kwetu kimelalamika kwamba watoto hawana haya, na tangu mwaka 1994 mshitakiwa mkuu amekuwa mmoja: televisheni. Mwaka huo ndipo vituo binafsi, ITV kikiwa kimojawapo, vilipoanza kurusha matangazo Tanzania Bara. Zanzibar walikuwa na televisheni yao, tena ya rangi, tangu 1973. Bara serikali iligoma kwa miaka mingi, ikiona kwamba nchi maskini haina sababu ya kugharimia starehe ya wachache wa mjini wakati redio inafika kijijini. Ndiyo maana leo bado tunaweza kuwakalisha mkeka mmoja mtu aliyekuwa mtu mzima kabla ya televisheni, mtu aliyekua nayo, na mtu aliyezaliwa akaikuta.

Nimewakalisha watatu wa namna hiyo. Msiende kuwatafuta mtaani. Sauti hizi nimezitunga kutokana na hoja ninazozisikia kila siku Magomeni, Temeke na kwingineko. BIBI ni kungwi wa siku nyingi, aliyekuwa msichana wakati wa Azimio la Arusha. MKWE, aliyeoa binti wa Bibi, ni fundi wa televisheni tangu enzi za zile zenye chogo. BINTI ni mtoto wa Mkwe na mjukuu wa Bibi, na riziki yake ni kutia sauti za Kiswahili katika tamthilia za Kituruki. Swali nililowapa ni hili: je, televisheni imetuulia haya?

MKWE: Kwa ruhusa ya mama, naomba nianze, maana kazi yangu imeniingiza kwenye nyumba za watu wengi. Nilipojifunza ufundi, TV ilikaa sebuleni juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Jioni ikifunuliwa, nyumba nzima iko pale, na watoto wa jirani wamejazana dirishani. Rimoti iko kwa baba. Likija busu, baba anabadili stesheni, na akichelewa anakohoa, halafu anamwambia mtoto, “Hebu kaniletee maji ya kunywa.” Mtoto anaelewa, mama anaelewa, na kila mmoja anaona haya kwa sababu ya mwenzake. Leo naitwa kufunga TV ya pili, chumbani kwa watoto. Nimetoboa kuta nyingi kupitisha waya wake. Humo chumbani busu likija, nani atakohoa?

BINTI: Baba, hayo maji nimeyaleta sana. Nilikua nikiamini kwamba watu wazima wakiona wawili wanabusiana wanashikwa na kiu.

BIBI: Mke mwenzangu, usimcheke baba yako. Na wewe mkwe wangu, usiseme kana kwamba kabla ya hilo sanduku watu walikuwa malaika. Mwaka 1968 Dar es Salaam hapakuwa na televisheni hata moja ya kutazama. Oktoba ile makundi ya vijana yakasimamisha mabasi Kariakoo, wakawashusha wasichana waliovaa vimini. Mwezi huohuo Umoja wa Vijana wa chama tawala, TANU, ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia Januari 1, 1969, marufuku vimini, mawigi, dawa za kujichubua na suruali za kubana. Magazeti yakajaa barua, huyu anaunga mkono, yule anauliza kwa nini ni sisi tu tunaopimwa magoti. Nami nilikuwa nacho kimini kimoja, cha buluu. Miaka hiyohiyo Wamasai nao wanaambiwa waache lubega, wavae suruali kama wastaarabu. Msichana wa mjini kaiga Uzungu, kaaibishwa. Mmasai kakataa Uzungu, naye kaaibishwa. Televisheni ilikuwa wapi?

MKWE: Haikuwapo, mama, hilo nakubali. Lakini kulikuwa na jamii inayokemea, hata kama ilikosea namna. Hoja yangu ni kwamba televisheni iliwanyang’anya wakemeaji mamlaka. Mwaka 2003 likaja shindano la Big Brother Africa. Vijana wamefungiwa kwenye jumba moja, kamera zinawafuata mpaka bafuni. Bunge la Malawi likasimamisha matangazo yake kwenye televisheni ya taifa. Sisi je? Kijana wetu, Mwisho Mwampamba, akashika nafasi ya pili, tukamshangilia. Mwaka 2007 Richard Bezuidenhout akashinda kabisa, akaondoka na dola 100,000. Watu waliokuwa wakinong’ona kuhusu mwenendo wa ndani ya jumba, wiki ile walikuwa wanauliza fomu za kushiriki zinapatikana wapi.

BINTI: Baba, hapo aliyeshinda aibu ni nani, kamera au dola? Kama lile jumba lingekuwa halina zawadi, mtaa mzima ungelaani mpaka leo. Na si kweli kwamba wakemeaji wamenyang’anywa mamlaka. Novemba 2018 Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, liliufungia wimbo “Mwanza” wa Rayvanny na Diamond Platnumz. Januari 2021 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ikakisimamisha kituo cha Wasafi TV kwa sababu ya vazi la msanii aliyekuwa jukwaani. Kukemea kupo, tena kwa barua yenye muhuri. Ninachouliza mimi ni kwa nini kukemea kwetu kunaanza na kuishia kwenye mwili, na mara nyingi mwili wa mwanamke. Bibi alipimwa magoti 1968. Mimi napimwa leo.

MWANDISHI: Bibi, unakubaliana naye?

BIBI: Nusu. Mimi busu halijawahi kunisumbua sana. Tumekua na sinema za Kihindi. Wale wakikaribiana tu, wanazunguka mti wanaimba, na sisi tunajua kilichoko nyuma ya mti. Kilichonishtua ni ile tamthilia ya Kichina, *Doudou na Mama Wakwe Zake*, waliyoionyesha televisheni ya taifa, TBC, mwaka 2011. Kwa mara ya kwanza Wachina wanasema Kiswahili ndani ya nyumba yangu. Hakuna uchi, hakuna lolote. Lakini mke kijana na mama mkwe wanavutana, maneno ya ndani yanatoka nje, na watu wamekaa wanatazama kama mpira. Nikasema, hii sasa ndiyo aibu.

MKWE: Mimi niliipenda, mama.

BIBI: Najua. Ulikuwa unaitazama kwangu, umekaa karibu na mlango.

MKWE: Ningekaa wapi, na wewe umekaa kwenye kochi?

BINTI: Mwandishi, andika hilo. Baba ana nyumba yake, ana miaka zaidi ya arobaini, na akiwa kwa Bibi bado anakaa karibu na mlango. Televisheni imekuwapo katikati yao miaka yote hii na haijamsogeza hata hatua moja. Kazini kwetu tunalijua jambo hilo vizuri. Mhusika kijana akikutana na mkubwa, Kituruki kinasema karibu ya kawaida. Sisi tunamwekea shikamoo, kwa sababu tusipoiweka watazamaji watamchukia yule binti kabla hajatenda kosa lolote. Tusi la nguoni hatulitafsiri. Tunaweka “mshenzi wewe,” na mdomo wa Mturuki unaendelea kufunguka bila sauti. Kwa hiyo msidhani televisheni inaingia nyumbani ikiwa na nguvu zake zote. Inafika mlangoni tunaivisha kanga kwanza.

BIBI: Na Waturuki nawapenda. Kijana anainama, anabusu mkono wa mkubwa, anaupeleka kwenye paji la uso. Nikawaambia wajukuu, mmeona?

MKWE: Basi tamthilia inafundisha adabu ikitaka. Na hapo ndipo lawama yangu ilipo: mara nyingi haitaki.

MWANDISHI: Bibi, wewe ni kungwi. Watu wanasema kwamba mafunzo yenu ya unyago ni makali kuliko chochote kinachoonyeshwa kwenye televisheni. Unawezaje kulalamikia busu?

BIBI: Nimeshasema silalamikii busu. Ndani ya unyago tunasema kila kitu, tunaonyesha kila kitu, kwa jina lake, kwa ngoma na kwa viuno. Bi Kidude, Mungu amrehemu, alipiga ngoma ya unyago mpaka uzeeni, mwisho akaipiga mbele ya halaiki ya watu Ulaya na kwingineko. Wapo waliomlaumu, wapo waliomwona shujaa. Mimi nilimwelewa: ngoma ilikuwa inakufa, akaitoa uani ili isife. Lakini mwali anapofundwa, mlango umefungwa, walio ndani wamekwishapita hapo, na kinachosemwa kinasemwa na mtu atakayekutana naye kesho sokoni. Kwa mfano, mke mwenzangu, siku unapoingia kwa mume, jambo la kwanza...

(Mkwe anaomba radhi, anasema anakwenda kuitazama antena. Hakuna antena; nyumba ina king’amuzi na ungo, alivifunga mwenyewe.)

BINTI: Umeona, Bibi? Umemfukuza baba.

BIBI: Sikumfukuza. Angebaki ningemwona hana malezi. Wewe na mimi tunaweza kusema, kwa sababu bibi na mjukuu ni watani. Mama yako angekuwapo, ningepunguza. Baba yako akiwapo, nanyamaza. Maneno ni yaleyale. Waliokaa kuyasikiliza ndio wanaobadilika. Televisheni haijui nani amekaa na nani. Inasema na baba, binti, mkwe na mama mkwe kwa pamoja, kwa sauti moja. Ugomvi wangu nayo ni huo.

BINTI: Na mimi nina ugomvi na huo mlango uliofungwa, Bibi. Mlango huo haufungii mafunzo tu. Umefungia pia binti aliyebakwa na mjomba, akaambiwa asiiaibishe familia. Umefungia mke anayepigwa, akaambiwa mambo ya ndani hayatoki nje. Novemba 2014 wanawake wa Nairobi waliandamana baada ya mwenzao kuvuliwa nguo hadharani, kisa nguo fupi. Ni Kariakoo yako ya 1968, sivyo? Tofauti ni kwamba safari hii kulikuwa na video. Taifa zima likaona, na aibu ikahama kutoka kwa aliyevuliwa ikawaangukia waliomvua. Kabla mwaka haujaisha, Bunge la Kenya likapitisha kifungu kwamba anayemvua mtu nguo kwa nguvu afungwe si chini ya miaka 10. Bila kioo, yule mama angerudi nyumbani amejifunika kanga, na watu wangeuliza alivaa nini.

BIBI: Hapo sina jibu la kukukatalia. Nimekuwa mwosha pia, si kungwi tu. Ugonjwa ulipoingia, na wa kwanza tuliambiwa wamepatikana Kagera mwaka 1983, nimeosha wasichana waliokonda mpaka unawabeba kwa mkono mmoja. Familia inasema malaria. Nyingine inasema karogwa. Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mimi nilinyamaza kama ilivyonipasa. Lakini kunyamaza kwetu kuliwaacha waliobaki bila kinga.

(Mkwe amerudi.)

MKWE: Hilo hata mimi nimo. Uganda mwanamuziki Philly Lutaya alijitokeza mwaka 1989 akasema ana UKIMWI, akaimba, akarekodiwa, watu wakaona uso wenye jina. Kwetu, Julai 14, 2007, Rais Kikwete na mkewe walipima hadharani Dar es Salaam, mbele ya kamera. Siku ile nilikuwa dukani, TV zote zimewashwa. Mteja mmoja, mtu mzima, akasema, “Kama Rais amenyoosha mkono, mimi nani?” Nakubali kwamba kuna aibu zilizostahili kufa, na televisheni ilisaidia kuzizika. Shaka yangu ni moja: inazika bila kuchagua. Aibu ya mgonjwa imekwenda, na aibu ya mwongo imekwenda nayo. Siku hizi mtu na mkewe wanakaa kwenye kipindi, mtangazaji katikati, wanasimuliana usaliti, na anayesimulia anacheka.

BIBI: Mwosha amepewa maikrofoni.

MKWE: Kabisa, mama.

BINTI: Nikubalini basi niseme aibu tunayoiona sisi, maana mnaongea kana kwamba kizazi chetu hakina hata moja. Tunayo, tena inatunyima usingizi. Bibi, wewe ulikuwa unaona haya kwa mambo gani?

BIBI: Kula njiani. Kucheka kwa sauti mbele ya wakubwa. Kumtaja mume kwa jina lake. Nilimwita baba fulani mpaka nikamzika. Kupika pilau jirani akasikia harufu na sahani isimfikie.

BINTI: Na kwenda kwa jirani kuomba chumvi?

BIBI: Hiyo aibu yake iko wapi? Leo mimi, kesho yeye.

BINTI: Sisi tungekula chakula bila chumvi. Mimi naona aibu rafiki zangu wakijua tunapoishi. Nina mwenzangu chuoni anashuka kituo kimoja kabla ya kwao ili tusione nyumba. Anapiga picha ukuta wa hoteli, hajawahi kupiga ukuta wa chumba chake. Na hilo tulijifunza wapi? Tazameni filamu za Bongo tulizokua nazo. Mhusika hana kazi inayojulikana, lakini anaishi ghorofani Mbezi Beach, makochi ya ngozi, geti linafunguliwa na mlinzi. Maskini akiwapo ni wa kuchekwa au ni wa kuokolewa na tajiri. Tamthilia za Mexico, za Ufilipino na hizi ninazotia sauti ni zilezile: kasri upande huu, mfanyakazi wa ndani upande ule. Mlikuwa mnatutuma maji busu likipita. Kasri lilipopita hakuna aliyekohoa.

(Kimya kidogo.)

MKWE: Hilo sikuwahi kulifikiria. Wateja wangu wengine wanauza kitanda wanunue TV kubwa, wageni wakija waione. Nilidhani ni mapenzi ya mpira.

BIBI: Zamani tajiri ndiye aliyeona haya. Alikuwa akila amefunga dirisha.

MWANDISHI: Mkwe, neno la mwisho kuhusu rimoti yako.

MKWE: Nitasema hivi. Desemba 31, 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, kila mtu akatafuta king’amuzi. Tulidhani hayo ndiyo mageuzi makubwa. Makubwa yalikuja bila tangazo la serikali: kila mtoto akapata simu. Nilipokuwa nalalamikia TV ya chumbani sikujua kwamba kuna siku nitaitamani. TV, hata ikionyesha uchafu, tuliitazama wengi, na macho ya wengine yalikuwa yanamfundisha mtu akae vipi. Simu haina mkwe, haina mama mkwe. Binti yangu akicheka peke yake kwenye kochi, sijui kama anachekea mahubiri au matusi.

BINTI: Uliza, baba. Nitakuonyesha. Mengine.

BIBI: Na hayo mengine unionyeshe mimi.

Hapo ndipo ninapowaacha, kwa sababu baada ya hapo walianza kubishana kuhusu bei ya kifurushi. Nina upande wangu katika mjadala huu, na nausema bila kujificha nyuma yao.

Kwanza, mashitaka dhidi ya televisheni yana makosa ya tarehe. Vita vya haya kati ya vizazi vilipiganwa Kariakoo mwaka 1968, robo karne kabla ya kituo cha kwanza cha Bara, na vilipiganwa juu ya mavazi yaleyale tunayogombania sasa. Wanaodai kwamba tukizima kioo tutairudia jamii yenye haya wanataka kurudi mahali ambapo hapakuwapo.

Pili, Binti ana haki kuhusu mlango. Ukimya uliomlinda mbakaji na kumzika mgonjwa kwa jina la malaria haukuwa adabu. Kama kamera imeuvunja, usijengwe upya, hata kwa jina zuri la mila. Hili halimpingi Bibi. Yeye hakutetea kunyamaza. Alitetea kujua unasema na nani, na kazi yake yote imekuwa kusema. Wazazi wanaomlaumu mtangazaji wajiulize ni lini waliwakabidhi watoto wao kwa kungwi, kwa somo, kwa shangazi, kwa mtu yeyote mwenye idhini ya kusema nao waziwazi. Wengi wetu tuliacha mafunzo yale tukiona ni ushamba, hatukuweka kitu badala yake, na leo tunashangaa kwamba watoto wamefundwa na watu wasiowajua.

Lakini kosa kubwa kuliko yote televisheni imelitenda mchana kweupe, na hakuna aliyeliita kosa. Imehamisha aibu kutoka kwenye tendo, ikaipeleka kwenye mfuko. Kanuni zetu za utangazaji zinajua kupima urefu wa sketi na saa ya kuonyesha busu. Sijasikia kituo kilichofungiwa kwa kumfundisha mtoto kuionea haya nyumba ya kwao. Mwizi wa mali ya umma anaalikwa kwenye harusi na kukaa meza ya mbele, na kijana mwadilifu anashuka kituo kimoja kabla ya kwao. Kizazi kinachoona aibu ya umaskini kuliko aibu ya wizi hakijapoteza haya. Kimefundishwa kuielekeza mahali pasipo pake, na waliokaa nacho sebuleni wakati wa somo hilo ni sisi.

Mzazi anayetaka kurudisha haya nyumbani kwake aanze hapo. Mtoto wake aone aibu ya kudanganya na kudhulumu kabla hajaona aibu ya bati lenye kutu.